Mlio wa masikio: jinsi ya kutafuta chanzo chake na kuutuliza

Mlio wa masikio ni sauti unayoisikia ilhali hakuna kinacholia nje ya kichwa chako. Mmoja husikia nyenje wa usiku, mwingine filimbi nyembamba, mwingine mvumo kama wa friji kuukuu. Wenyewe si ugonjwa; ni dalili, kama ilivyo homa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza dawa yake ni gani, uliza kwanza umetoka wapi. Anayeliruka swali hilo na kukimbilia matone ya sikio kwenye duka la dawa hupoteza muda, na ipo hali moja ambayo muda huo ukishapotea haurudi. Tuanze na hiyo.

Sikio lililozibika ghafla ni dharura

Ukiamka asubuhi sikio moja halisikii, au likafifia ndani ya siku tatu huku likilia, usingoje lizibuke lenyewe. Huenda ni nta tu, au mafua yamejaza maji nyuma ya ngoma ya sikio. Lakini pia huenda neva au sikio la ndani limepata pigo, na hapo tiba ni vidonge vya prednisolone, kwa kawaida miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, zisizidi miligramu 60 kwa siku, kwa siku 7 hadi 14 kabla ya kupunguzwa polepole. Daktari ndiye anayeviandika, hasa ukiwa na kisukari, vidonda vya tumbo au presha. Hufaa zaidi vikianza siku za mwanzo. Wiki mbili zikishapita, matumaini hupungua sana.

Kuna jaribio dogo la kukusaidia kutenganisha hali hizo mbili. Kwanza lielewe ukiwa mzima: ziba sikio moja kwa kidole, funga mdomo, uvume "mmmm" kwa sauti nzito. Utasikia mvumo umehamia kwenye sikio uliloliziba. Sasa, mwenye sikio lililofifia avume hivyo bila kuziba lolote. Mvumo ukielekea kwenye sikio bovu, yaelekea kuna kizuizi njiani, kama nta au maji. Ukielekea kwenye sikio zima, yaelekea tatizo liko ndani zaidi: nenda hospitali siku hiyohiyo. Daktari hufanya jaribio hilihili kwa uma wa sauti wa hezi 512, na majibu yake yanaaminika kuliko yako. Lako ni la kukuharakisha tu.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni mgonjwa kupewa matone ya antibiotiki na dawa ya mzio, aambiwe arudi baada ya mwezi. Ukiambiwa hivyo na ngoma ya sikio lako haijaangaliwa kwa otoskopu, kile kifaa chenye taa cha kutazamia ndani ya sikio, omba rufaa.

Hali nyingine zisizongoja: mlio ulioanza baada ya kuumia kichwa, mlio unaoandamana na kizunguzungu cha dunia kuzunguka, uso kulegea upande mmoja, usaha wenye harufu pamoja na maumivu nyuma ya sikio. Mlio wa sikio moja tu usiokwisha si wa kukimbia nao usiku, lakini lazima uchunguzwe, kwa sababu mara chache huwa kuna uvimbe kwenye neva ya kusikia. Uvimbe huo kwa kawaida si saratani na hukua polepole, na ukigunduliwa mapema kuna nafasi ya kuamua kwa utulivu. Ama sauti zinazotamka maneno, kukutukana au kukuamrisha, hizo si mlio wa masikio. Ni za daktari wa afya ya akili.

Daftari la siku tatu

Chukua daftari na uandike kwa siku tatu: sikio gani, sauti ya namna gani, saa ngapi inazidi, ulikuwa wapi siku iliyotangulia, na dawa zote unazomeza au ulizodungwa miezi sita iliyopita. Daktari wa masikio, pua na koo hana muda mrefu na kila mgonjwa. Ukifika na ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri, umemwokolea nusu ya kazi.

Halafu fanya ukaguzi wa aina mbili. Weka vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono. Je, mlio unapiga sawia na mapigo ya moyo? Kama ndiyo, kuna damu unayoisikia ikipita, na chanzo chaweza kuwa presha ya juu, upungufu wa damu, tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, au hitilafu ya mshipa karibu na sikio. Usijaribu kubana mishipa ya shingo ili uone kama unanyamaza. Nenda upimwe presha na damu, na umwambie daktari neno hili waziwazi: "unadunda pamoja na moyo." Uchunguzi wake ni tofauti na wa mlio wa kawaida.

Kisha uma meno kwa nguvu, sukuma taya mbele, geuza shingo kulia na kushoto. Mlio ukipanda, ukishuka au ukibadilika sauti, taya na misuli ya shingo zina mchango. Anayesaga meno usingizini hufaidika na kinga ya meno kutoka kwa daktari wa meno. Na hapa Nairobi kuna jambo ambalo madaktari husahau kuuliza: miraa na muguka. Kutafuna kwa saa nyingi huchosha viungo vya taya, na kichangamshi chake hupandisha presha na kufukuza usingizi. Hayo matatu yote huuchochea mlio. Kama unatafuna, acha kwa wiki tatu na uangalie daftari linasema nini.

Kuhusu dawa: sindano za gentamicin, amikacin na streptomycin zinaweza kuua seli za kusikia moja kwa moja, na hatari huzidi figo zikiwa dhaifu. Cisplatin ya saratani pia. Kwinini huleta mlio ambao mara nyingi huisha dawa ikiisha. Aspirini kwa dozi kubwa hufanya hivyohivyo, lakini ile ndogo ya moyo ya miligramu 75 kwa kawaida haina neno. Furosemide ya kudungwa kwa wingi na kwa haraka nayo imo. Usiiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Mwulize aliyekuandikia kama kuna mbadala. Anayeanza sindano hizo kwa matibabu ya muda mrefu ana haki ya kupimwa masikio kabla ya kuanza, na kila mara akiendelea.

Nta: chanzo rahisi kuliko vyote, kinachoharibiwa zaidi

Nta si uchafu. Hulinda ngozi ya tundu la sikio na hujitoa yenyewe polepole. Inayoziba ni ile iliyosukumwa ndani kwa vijiti vya pamba, kifuniko cha biro, pini ya nywele, funguo au njiti ya kiberiti. Kila ukichokoa, unatoa kidogo na kushindilia kingi hadi kinaegemea ngoma ya sikio, na hapo mlio huanza.

Kama huna maumivu wala usaha, ngoma yako haijawahi kutoboka, na hujawahi kufanyiwa upasuaji wa sikio, unaweza kuilainisha nyumbani:

1. Tumia mafuta ya zeituni ya kawaida, au matone ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 5 kutoka duka la dawa. Shika chupa kiganjani dakika chache ipate joto la mwili.
2. Lala ubavu, sikio lililoziba likitazama juu. Vuta sikio juu na nyuma, dondosha matone 2 au 3.
3. Kaa hivyo dakika 5. Inuka, pangusa kinachotiririka nje. Usizibe kwa pamba, itayanyonya mafuta.
4. Rudia mara mbili kwa siku, kwa siku 3 hadi 5.

Siku ya pili sikio laweza kuziba zaidi kuliko mwanzo. Ni nta inayovimba kwa unyevu. Wengi huogopa na kuacha hapo, wakati ndipo kazi inapofanyika. Ikifika siku ya saba bado imeziba, nenda ikatolewe kwa kunyonywa au kuoshwa. Maji ya kuoshea lazima yawe na joto la mwili, nyuzi 37. Yakiwa baridi au moto, sikio la ndani hushtuka na mgonjwa hupata kizunguzungu na kutapika. Mwenye kisukari aseme kabla ya kuoshwa, kwa sababu maambukizi ya tundu la sikio kwake yanaweza kuwa makali. Kunyonywa ni salama zaidi. Mishumaa ya masikio haitoi nta. Ile takataka ya kahawia inayobaki ni ya mshumaa wenyewe, na watu wameungua kwayo.

Kelele

Ndani ya sikio, kwenye mrija uliojikunja kama konokono, kuna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 kwa kila sikio. Hizo ndizo hugeuza mtikisiko kuwa ishara ya neva. Kwa binadamu, ikifa moja haimei nyingine. Ubongo unapokosa ishara za sauti fulani, hujiongeza nguvu ukizitafuta, kama mtu anayefungulia redio sauti hadi mwisho pasipo na stesheni. Mchakacho unaotokea ndio mlio. Ndiyo sababu mlio unaweza kuendelea hata sikio lenyewe likiwa limetulia, na ndiyo sababu matone hayawezi kuufikia.

Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka 3, muda hupungua nusu: 88 ni saa 4, 91 saa 2, 94 saa moja, 100 dakika 15 tu. Hesabu hii huwashangaza watu, kwa sababu sikio halioni 97 kuwa kali sana kuliko 94. Bila mashine, tumia kanuni hii: kama huna budi kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, umefika 85 au umezipita. Mwenye iPhone anaweza kupakua bure programu ya kupima kelele iliyotengenezwa na NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani. Kwenye simu nyingine vipimo huyumba, vitumie kama makisio.

Nchini Kenya kanuni za kudhibiti kelele kazini za mwaka 2005 hazimruhusu mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa 8, na mahali panapozidi 85 mwajiri anapaswa kuwa na mpango wa kulinda usikivu. Fundi wa jua kali wa Kamukunji anayegonga masanduku ya bati hana mwajiri wa kumdai, kwa hiyo ajilinde mwenyewe, na aanzie kwenye chuma kabla ya sikio: kipande cha tairi au mfuko wa mchanga chini ya bati huzuia lisivume kama kengele. Wa grainda na wa kinu cha unga wazungushe zamu, na asiyeendesha mashine akae mbali nayo. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali maradufu kelele hupungua takriban desibeli 6.

Ndani ya nganya, yaani matatu yenye muziki mkubwa, hesabu hiyo haifanyi kazi vizuri, maana sauti hugonga mabati na kurudi. Kaa kiti kilicho mbali na spika. Wala usishindane nayo kwa kuvaa vipokea sauti na kupandisha muziki wako juu ya wake, kwa kuwa hapo sikio linapigwa mara mbili. Ukiwa na vipokea sauti popote, usipite asilimia 60 ya kiwango cha simu.

Vizibo vya sponji ni bei nafuu na vinafaa, ila wengi huvivaa vibaya. Osha mikono. Kiviringishe kizibo kati ya vidole hadi kiwe chembamba kama njiti, bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kiingize chote, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30 kinapofura. Sauti yako mwenyewe ikisikika nzito kama uko ndani ya pipa, kimekaa. Kikichomoza nje nusu nzima, hakijakaa. Namba iliyoandikwa kwenye pakiti isikudanganye: toa 7, gawa kwa 2. Kizibo cha 33 kinakupa 13 hivi kwa matumizi ya kweli. Kwenye kelele ya 100 unabaki na 87, yaani kama saa 5 badala ya dakika 15. Pamba na karatasi ya chooni hazizuii kitu cha maana.

Baada ya harusi au tamasha, mlio wa usiku mmoja kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Ukiisha, usishangilie sana. Ni onyo kwamba seli zilifika ukingoni. Yape masikio utulivu wa siku mbili.

Kuna kosa la upande wa pili. Baadhi ya watu wakishapata mlio huogopa sauti zote, wakavaa vizibo hata nyumbani na sokoni. Ubongo unaokosa sauti hujiongeza nguvu zaidi, na mlio hupanda. Kizibo ni cha kelele halisi pekee.

Hospitalini

Anza na kituo kilicho karibu ili sikio liangaliwe na presha ipimwe. Rufaa hupitia hospitali kama Mbagathi au Mama Lucy Kibaki na kufika Kenyatta kwenye kitengo cha masikio, pua na koo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Uliza kabla ya kipimo ni kipi kinacholipiwa, si baada.

Kipimo unachokihitaji ni odiogramu, mchoro wa usikivu wako, kwenye chumba kisichopitisha sauti, kuanzia hezi 250 hadi 8000. Epuka kelele kubwa kwa saa 16 kabla ya kupimwa, la sivyo majibu yataonyesha uchovu wa jana. Omba nakala na uitunze. Mstari ukizama karibu na hezi 4000 kisha ukapanda tena, hiyo ni alama ya kelele. Ukiteremka taratibu upande wa sauti nyembamba, mara nyingi ni umri. Masikio mawili yakitofautiana sana, daktari ataagiza MRI, picha ya ndani ya kichwa. Na majibu yakiwa safi kabisa, mlio wako bado ni wa kweli. Kipimo hicho hakioni kila jeraha la neva.

Kama usikivu umepungua, mashine ya kusikia ndiyo tiba yenye faida ya haraka zaidi kwa wengi: sauti za nje zikirudi, ubongo huacha kuzitafuta. Iwe imerekebishwa kwa odiogramu yako. Vile vikuza sauti vinavyouzwa bila kipimo hukuza kila kitu sawasawa, hata kelele zinazokuumiza.

Usiku

Mlio hushinda usiku kwa sababu hauna mshindani. Kwa hiyo upe mshindani, lakini mnyonge. Weka sauti tulivu isiyo na maneno, kama feni, mvua juu ya mabati, au mchakacho wa redio ya kitufe cha kuzungusha iliyowekwa katikati ya stesheni mbili. Redio mpya nyingi hunyamaza hapo, hazifai. Kwenye simu, pakua rekodi ya saa nane ili isikatike bando likiisha, uiweke umbali wa mita moja au mbili, si sikioni.

Kiwango ndicho siri. Panda polepole, simama kabla ya mlio kupotea, yaani usikie vyote viwili, mlio ukiwa juu kidogo. Anayeufunika kabisa hupata nafuu ya usiku mmoja, lakini ubongo haujifunzi kukizoea kitu usichokisikia. Iache ilie hadi asubuhi. Ikizimika saa nane usiku, kimya chenyewe kitakuamsha. Lala na kuamka saa zilezile. Pombe huleta usingizi na kuuvunja alfajiri. Chai na kahawa hazijathibitishwa kuwa adui. Zisogeze tu mbali na jioni. Kupunguza chumvi kuna maana kwa wenye ugonjwa wa Ménière, ule wa kizunguzungu, sikio kujaa na usikivu unaopanda na kushuka.

Fikra zinazoushikilia

Tiba yenye ushahidi imara zaidi kwa anayeteswa na mlio ni ya kubadili fikra na mwenendo, pamoja na mshauri nasaha aliyefunzwa. Haiondoi sauti, inaondoa hofu, na hofu ndiyo inayouambia ubongo kwamba sauti hii ni ya hatari, iendelee kuisikiliza. Zoezi lake la msingi unaweza kulianza leo. Mlio ukikukamata, andika wazo lililokujia ("nitakuwa kiziwi"), kisha ushahidi wake (odiogramu inasema nini?), kisha sentensi ya kweli zaidi unayoweza kuiamini. Fanya hivyo kila siku kwa wiki sita. Acha pia kuukagua: kila unapoingia chumba kimya kusikiliza kama bado upo, umeuita. Kuzoea huchukua miezi, si siku. Na ukijikuta unafikiria kujidhuru, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, bila malipo, kisha umwambie mtu wa nyumbani.

Usinunue vidonge vya ginkgo, zinki wala vitamini kwa ajili ya mlio, isipokuwa kipimo cha damu kimeonyesha upungufu. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuuponya, na anayekuuzia anajua hutarudi kumdai.

Baada ya kuzoea, bado kuna siku mlio utapanda: mafua, usingizi mbaya, safari ndefu yenye kelele. Rudisha sauti ya usiku, fungua daftari, usibadilishe chochote kingine kwa saa 48. Ukishuka, endelea na shughuli zako. Usiposhuka ndani ya wiki, au ukihamia sikio moja, au usikivu ukipungua, beba odiogramu ya zamani ukapimwe upya na uombe zilinganishwe.